Simu Iache Chini, Msee

Kila likizo watu wakishuka Diani kuruka na parachuti, lawama ni ile ile: "Wamenikatalia kupanda na simu. Wanataka tu ninunue video yao." Komenti zinajaa. Wezi hao. Pesa ni yangu, simu ni yangu, mbona nisijirekodi? Halafu hakosi mjuaji mmoja wa kufunza wengine vile ya kuificha kwenye soksi.

Sasa nisikizeni. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na kodi ya nyumba inalipwa na kamera. Siwezi kuwa adui wa kontenti. Lakini kwa hii stori, instrakta yuko sawa na nyinyi mmekosea. Si kidogo. Mmekosea kabisa.

Tuanze na kile kinachofanyika huko juu, juu naona wengi wanabishana na hawajui. Kuruka tandemu ni hivi: umefungwa mbele ya instrakta, mgongo wako kwa kifua chake. Parachuti kuu na ile ya akiba zote ziko mgongoni mwake. Wewe huna kitu. Mnatoka kwa ndege kama futi 10,000 au 12,000. Anarusha parachuti ndogo ya kupunguza mwendo, na hata na hiyo bado mnashuka kama kilomita 190 kwa saa. Ile kubwa inafunguliwa karibu futi 5,000. Piga hesabu: hata dakika moja haifiki. Katika hizo sekunde yeye anaweka miili miwili sawa, anasoma kimo, anahakikisha vishikio vyote viko mahali pake. Kazi yako ni kukunja mgongo kama ndizi na kuweka mikono pale ulipoambiwa. Basi.

Haya, leta simu. Umenyoosha mkono mmoja upate selfi. Ushawahi kutoa mkono nje ya dirisha la matatu ikiwa Thika Road? Unajua vile upepo unauvuta nyuma. Matatu ikiwa inatii sheria iko kilomita 80. Ukifika 190, mwendo umeongezeka mara mbili na kitu, lakini nguvu ya upepo imeongezeka zaidi ya mara tano. Hiyo si ya digrii, ni fizikia ya sekondari. Mkono mmoja nje na mwingine ndani, mnaanza kuzunguka. Na anayelazimika kuwarudisha sawa ni yule jamaa mgongoni mwako, kwa sekunde ambazo alizihitaji kwa kazi ingine.

Na ikiponyoka? Watu wanadhani itaanguka tu iende zake. Zii. Nyinyi wawili ni wazito, mnashuka haraka kuliko simu. Kwa hivyo mnaiacha juu yenu. Inapita usoni mwako, inapita usoni mwa instrakta, inaelekea kwenye parachuti ndogo na kamba zake. Ikikosa hapo, bado kuna mpiga picha anayeruka karibu nanyi. Ikikosa wote, kuna watu chini.

Mnakumbuka ile video ya 2014 kutoka Marekani, kamera iliponyoka kwa ndege ya warukaji ikaangukia zizi la nguruwe, nguruwe akajaribu kuitafuna? Dunia nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini tuseme ukweli, ilichekesha kwa sababu chini palikuwa na nguruwe na haikumgonga. Ufuoni kuna muuza madafu, kuna watoto wanaogelea, kuna mzee anatengeneza wavu wake. Hao hawakujaza fomu yoyote ya kukubali hatari yako.

"Si nitaifunga na kamba kwa mkono?" Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kitu chochote kinachoning'inia karibu na mikanda kinaweza kushika kishikio au kujisokota na kamba. Ikianguka umepoteza simu. Ikinasa mahali hapafai, mmeongeza shida kwa parachuti inayobeba watu wawili.

Halafu kutua. Instrakta atakwambia inua miguu, na wengi wanahitaji kuvuta magoti kwa mikono yote miwili ndiyo miguu ipande. Wewe mkono mmoja unashika simu, unajitabasamia. Miguu inabaki chini, inagonga mchanga kwanza, na uzito wa watu wawili unakuja nyuma yake. Kifundo cha mguu hakijui uko laivu.

Najua swali linalokuja: "Mbona wao wanaruka na GoPro?"

Swali poa. Angalia ile GoPro vizuri. Hajaishika. Imefungwa kwenye glavu, kwa kawaida mkono wa kushoto, ndiyo wa kulia ubaki huru kurusha ile parachuti ndogo. Haina kamba inayoning'inia. Mkono ukifunguka, kamera haiendi popote. Na anayeivaa hajaanza jana. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinashauri mtu awe ameruka angalau mara 200 kabla ya kubeba kamera yoyote. Mara 200! Wewe umeruka mara ngapi? Hata hiyo moja bado.

Na usidhani uzoefu unamaliza hatari. 1988, huko North Carolina, Ivan McGuire, mrukaji aliyekuwa ameruka zaidi ya mara 800, alitoka kwa ndege akimrekodi mwanafunzi na mwalimu wake. Alikuwa na kamera. Alikuwa na mashine ya kurekodi. Hakuwa amevaa parachuti. Akili yote ilikuwa kwa picha, na inaaminika uzito wa vile vifaa ulimfanya ahisi kama amevaa. Alifariki. Sisemi hivi kumcheka, heri apumzike. Nasema hivi kwa sababu kila mtu anayerekodi anaijua hiyo hali, ukiangalia skrini hadi dunia nyingine inazimika. Kama ilimmeza mtu wa mara 800, itakuacha wewe wa mara ya kwanza?

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Shida ni kwamba huko juu huchagui ni ipi itaponyoka.

Kuhusu pesa, nakubali. Kifurushi cha video kinauma mfuko, na mtu akilalamikia bei niko naye. Mpiga picha wa pili anachukua nafasi kwa ndege, anaruka kivyake, lazima alipwe. Kama bei iko juu, piga kelele ishuke, niko nyuma yako na bango. Lakini bei kuwa juu hakufanyi simu yako iwe salama. Hizo ni kesi mbili, msizichanganye.

Na nyinyi mawakala wa brandi, msijifiche. Mmoja aliniandikia akitaka video ya tandemu "iliyoshikwa kwa mkono, ionekane ya ukweli," huku bajeti haina hata senti ya mpiga picha. Nilikataa, na kazi akapewa mwingine. Ukitaka picha za angani, lipa mtu anayejua kuzipiga angani. Usimtume kijana mwenye njaa akahatarishe instrakta wa watu kwa sababu ya sekunde kumi na tano.

Mainstrakta, nyinyi pia. Msee mwenye wafuasi laki tatu akikubembeleza, akuahidi kukutaja kwenye posti, mwambie hapana. Hiyo posti haitalea watoto wako.

Halafu tuache ile ya "ajali haina kinga." Hii iko nayo. Kabla ndege ipande, toa kila kitu mfukoni. Uliza kamera imefungwa wapi na nani ataivaa. Kama huna pesa ya video, ruka bila video, uje utuambie kwa mdomo ilikuwaje. Na ukimwona mtu akiingiza simu kwa soksi, mchome kwa instrakta hapo hapo. Huo si umbea. Uko naye kwa ndege moja.

Haya, semeni yenu kwenye komenti. Matusi pia ni kontenti.