Ufugaji Nyumbani: Majani Kabla ya Ng'ombe

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Ni kweli, lakini mwenye ng'ombe huweza kuelemewa na ng'ombe wake, na hilo ndilo tulizungumzalo juma hili.

Mwaka 2006 Serikali ya Rwanda ilianzisha mpango uitwao Girinka, yaani "uwe na ng'ombe", baraka ya kale ya Wanyarwanda. Familia maskini hupewa mtamba bure. Naye akizaa ndama jike wa kwanza, ndama huyo hukabidhiwa jirani maskini aliye katika zamu. Lengo lilikuwa kuzifikia familia 350,000. Basi mtu auzaye ng'ombe huyo kwa siri kabla ya kutoa ndama hajidhulumu peke yake. Amemdhulumu na jirani anayesubiri.

Tazama Nyamyumba, katika Wilaya ya Rubavu, upande wa Gisenyi. Vilima vyake hushuka hadi Ziwa Kivu, mashamba ni madogo na watu ni wengi. Ng'ombe hufugwa bandani, na kila anachokula hubebwa kichwani. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji kiasi cha kilo 40 za majani mabichi kila siku, na maji lita 40 au zaidi. Nani hubeba mzigo huo? Mara nyingi ni mama, na watoto watokapo shuleni.

Ndugu askari, wewe uliye kambini au kituoni, waweza kuweka akiba ya mshahara ukainunulia familia yako ng'ombe. Ni jambo jema. Lakini ukimtanguliza ng'ombe mbele ya majani, umempelekea mkeo kazi, si maziwa. Panda matete kwanza kwenye kingo za matuta. Baada ya miezi mitatu au minne yatafaa kukatwa. Mizizi yake pia hushika udongo, na baada ya mafuriko na maporomoko ya Mei 2023, watu wa Rubavu wanaijua thamani ya udongo uliotulia. Machicha ya pombe, yakipatikana kwa bei nafuu, huongeza maziwa.

Nawe mama, ndama anywe dang'a katika saa za kwanza, kwani ndiyo kinga yake. Ng'ombe asiye na mimba huhitaji dume kila baada ya siku 21 hivi, na dalili hazifiki siku nzima. Zikikupita, umepoteza majuma matatu. Samadi ipelekwe shambani. Maziwa wapate watoto kwanza, ndipo yaende sokoni.

Mwisho, wekeni daftari: lita zilizokamwa, zilizouzwa, fedha za dawa. Baba ajapo likizo alisome pamoja na mama, wala ng'ombe asiuzwe mpaka wote wawili wamekubaliana. Aliyebeba majani ana haki ya kusema neno.