Taa ndogo nyekundu inayokula batri usiku

Mwezi uliopita nilienda Lukafu kusalimia mama. Kabla hata ya kunikaribisha chakula akaniambia: « Baba, hii batri uliyoninunulia ni ya uongo. Jogoo hajawika, taa zimekwisha kuzimika. » Nikafikiri ni kweli, wamenidanganya sokoni.

Batri haikuwa na kosa. Jioni, watoto wakimaliza kuangalia, wanazima televizyo na dekoda kwa telekomande, wanaenda kulala. Lakini kuzima kwa telekomande si kuzima, ni kulalisha. Ile taa ndogo nyekundu inabaki inaangalia, na mashine inaendelea kula. Mwenzangu mmoja, fundi wa umeme, alinisaidia kupima: dekoda karibu wati 10, televizyo ya zamani 5, na konvertisa yenyewe, hata kama hailishi kitu, inakulaka 10. Jumla 25. Kwa saa 8 za usiku ni watisaa 200. Batri ya mama ni ya volti 12, ampeasaa 60, ni kusema watisaa 720, na ukiipenda usipite nusu yake, yaani 360. Basi zaidi ya nusu ya umeme wa mama unaliwa na vyombo ambavyo hakuna mtu anavitumia.

Chaja ya telefone tunayogombezana juu yake kila siku? Ikiwa haina telefone, ni karibu bure. Adui ni dekoda.

Ulaya waliona jambo hili mbele. Kwa sheria yao ya 2008, chombo kipya kilichozimwa hakikupaswa kupita wati 1 kuanzia 2010, kisha nusu wati kuanzia 2013. Lakini kwetu bado tunanunua okazyo, na televizyo zingine zilitengenezwa mbele ya sheria ile.

Na Lubumbashi? Kule nyumba nyingi bado zinalipa forfe: uzime, uache, bei ni ileile kila mwezi. Mtu asiyezima hapana mjinga, amepiga hesabu yake. Kinachomuuma ni siku moto unarudi nyuma ya delestaji: vyombo vyote vya kata vinavuta mara moja, na umeme unaingia na nguvu. Hapo njo televizyo zinaungua. Kwa sababu hiyo tu, chomoa.

Lakini wasituambie kama delestaji inatoka kwa taa nyekundu za mama zetu. Sisi watumikaji wa mine tunajua shaba inakula nini. Mu elektrolize, tani moja ya katode inaomba karibu kilowatisaa 2,000. Zile wati 25 za mama, kama zingewaka usiku na mchana mwaka mzima, ni 219. Nyumba tisa kama yake hazifikii hata tani moja, na mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2. Mwadingusha, kwenye mto wetu Lufira, inazaa umeme tangu 1930. Union Minière iliijenga juu ya shaba, si juu ya vijiji. Miaka karibu mia imepita na mama analala na batri.

Kwa hiyo mu mkutano wa sendika unaokuja nitaomba kitu kimoja: tukizungumza nyumba za watumikaji, tudai konteri mu kila nyumba, mtu alipe alichokula. Bila konteri, kumwambia mtu apunguze ni kelele tu.

Mama nilimnunulia miltiprizi yenye swichi. Anaizima kwa kidole cha mguu akienda kulala, na batri sasa inafika asubuhi. Wajukuu wananung'unika: dekoda inachelewa kupata chaneli. Mama anawajibu waende kwanza kuchota maji, wakirudi itakuwa tayari.