Mamba Si Kichekesho

Nianze na aibu yangu: mimi pia nilicheka.

Ilikuwa Jumapili, mbele ya Ruai, ukishaacha lami ya Kangundo Road na kuingia murram. Nilitoka Kayole saa kumi na moja alfajiri na baiskeli yangu ya mtumba, zile za tairi nyembamba, kwenda kujaribu mbio za murram kwa mara ya kwanza. Miaka minne nimeendesha kwa lami, kwa hivyo nikajiambia murram ni barabara kama barabara nyingine, ni vumbi tu imeongezwa. Manze, nilijidanganya.

Kuna vile vituta vidogo vilivyojipanga kama bati. Vinakutikisa mpaka vidole vinakufa ganzi. Kwenye mchanga ukigusa breki ya mbele, uko chini. Na mimi nilikuwa nimejaza upepo mpaka tairi ikawa ngumu kama jiwe, vile hufanywa kwa lami, basi kila kokoto ilinirusha upande wake. Kilomita ya 11, pancha. Nikapiga magoti vumbini nikitafuta viraka huku kundi zima likinipita.

Aliyeniokoa ni mzee wa mtaani kwetu. Yeye husambaza mkate madukani kwa Black Mamba, kila siku, kabla wengi wetu hawajaamka. Alikuwa amekaa kivulini akingoja mbio zao za mchana. Akaitoa tairi kwa mikono mitupu, akaziba, akapiga pampu kidogo tu, kisha akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Kijana wangu, usiijaze. Wacha ishike udongo."

"Si itakula rimu, mzee?"

"Itakula ukikalia kiti kama gunia. Inuka kwa pedali."

Niliinuka. Kuanzia hapo ndipo niliposhiriki mbio kweli. Nilimaliza wa tatu kutoka mwisho, lakini nilimaliza.

Sasa sikia. Sisi wenye baiskeli za gia tulianza asubuhi kukiwa na baridi, kilomita 60, namba kifuani, saa ikihesabu. Watu wa mamba waliitwa saa saba, jua la utosi, kilomita 8. Namba zao ziliandikwa mkononi kwa kalamu. Hakuna aliyewapimia muda. MC akashika maikrofoni: "Oneni babu na mamba yake! Mama mboga ameagiza kabeji!" Umati ukavunjika mbavu, nami nikiwa ndani ya umati. Mshindi wetu alipewa bahasha. Mshindi wao alipewa unga. Mzee wangu alikuwa wa pili, akapewa sabuni ya mche. Akaifunga kwa keria na mpira wa tyubu, akarudi Kayole.

Nimekuja kusema kwamba hilo ni tusi, na tulizoee hatutalizoea.

Mbio za murram zimeuzwa kwetu kama kitu kipya kutoka ng'ambo. Ni kweli kule Kansas, Marekani, zile kubwa kabisa zilianza 2006, na ubingwa wa dunia wa aina hii ulishindaniwa mara ya kwanza 2022 nchini Italia. Sawa. Lakini kuendesha baiskeli nzito juu ya barabara mbovu, bila gari la kukufuata na spana, ukijitengenezea mwenyewe, hiyo tunaijua tangu lini? Hata jina boda boda lilizaliwa kwa baiskeli, kule mpakani Busia. Mamba inakaribia kilo 20 kabla hujapakia hata mkate mmoja. Haina gia. Breki zake ni vyuma. Yule anayeiendesha kila siku kutoka kiwanda cha mkate hadi Njiru anajua murram kuliko mimi na kofia yangu ya kupepea.

Na usiniambie hawa ni watu wa kazi tu, si wanamichezo. Suleiman Kangangi alibeba abiria kwa baiskeli Eldoret. Akawa wa tatu Tour du Rwanda 2017, akaendeshea timu ya Ujerumani, kisha akawa nahodha wa timu ya Amani na mmoja wa waliotuonyesha kwamba murram ndipo Mkenya anaweza kupata mlango. Alifariki Agosti 2022 akiwa mbioni Vermont, Marekani, juu ya hiyohiyo changarawe, akiwa na miaka 33. Tulimlilia kama shujaa. Angekuja Ruai na baiskeli yake ya abiria, MC angemuuliza kabeji iko wapi.

Rwanda hawakucheka. Mwaka 2006 kulifanyika mbio huko ambapo hata baiskeli za mbao, zile za kubebea mizigo milimani, zilipata nafasi yao. Mwaka uliofuata Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kuendesha Tour de France, akaanza kujenga timu ya taifa, na ndani yake kukawa na mtu aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ulifika Afrika kwa mara ya kwanza. Ulifika Kigali. Sisi tulitazama kwa simu, bundles zikiisha.

Najua jibu la waandaaji, nimelisikia hapohapo kwa foleni ya chai: breki za mamba si salama, na si haki kushindanisha mamba na baiskeli ya laki tatu. Nakubali yote mawili. Wapeni kundi lao. Lakini kundi ni kundi, si kipindi cha vichekesho. Kagueni breki asubuhi kama mnavyokagua zetu. Wapeni kilomita 40. Pimeni muda, uandikwe, ili kijana wa miaka 17 wa Dandora ajue ni dakika ngapi anakimbizana nazo. Mpunguze ada. Zawadi iwe pesa, kwa sababu unga hauwezi kununua tairi. Na huyo MC apewe kazi nyingine, kuna harusi nyingi.

Wenzangu wa baiskeli za mtumba, tunaojiona tumefika kwa sababu tuna gia: tuache kujiandikisha kwa mbio zinazowaweka hawa watu mwisho wa ratiba. Tukikosa thelathini hivi, ada zetu zitaonekana zimekosa.

Juzi nilimpata mzee akipakua kreti dukani. Nikamwambia kuna mbio zingine, nitamlipia. Hakuuliza zawadi ni nini. Aliuliza kama zitaanza asubuhi.

"Kwa sababu mchana, kijana wangu," akasema, "hiyo si mbio. Hiyo ni adhabu."