Mtoto wa Kabimba asifukuzwe shuleni

Vijana wenzetu, kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Tulingoja mpaka 2019 ndipo serikali ikaanza kukitekeleza. Basi mzazi akiombwa pesa ya kumsaidia mwalimu, aulize: ju ya nini? Mwalimu asiye na mshahara hatumlaumu, naye ana watoto nyumbani. Lakini deni hilo ni la Kinshasa, si la mvuvi wa Kabimba. Kwetu kunatoka simenti. Tunataka darasa lenye sakafu, mwalimu anayelipwa kila mwezi, na buletini isiyozuiliwa. Mukifukuzwa, mutuandikie: shule gani, siku gani, franka ngapi.