Chungulia Sakafu Kabla ya Kulipa Kodi

Wapo wakazi wa Kawangware ambao kila asubuhi huvuka hadi Lavington kupiga polishi sakafu za mbao katika nyumba za watu. Huko, wenye nyumba hubishana kama mbao ziwe nzima au ziwe za kugandishwa tabaka kwa tabaka. Jioni wafanyakazi hao wanaporejea makwao, swali lao ni jingine kabisa: udongo au saruji? Kwa maoni yangu, swali hili la pili ndilo linalostahili nafasi katika ukurasa wa afya.

Ukitafuta chumba Kibera, msomaji, utaonyeshwa sakafu za aina tatu. Kuna udongo ulioshindiliwa, na juu yake zulia la plastiki lenye maua. Kuna saruji iliyopakwa juu ya udongo, nyembamba kama siagi kwenye mkate wa maskini. Na kuna zege halisi. Siku unapohamia, hizo mbili za mwisho hufanana, na hapo ndipo wapangaji wengi hudanganyika.

Udongo hauoshwi. Ukimwaga maji na sabuni unatengeneza tope. Mayai ya minyoo huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi, na mtoto anayetambaa hugusa sakafu kisha akatia vidole mdomoni. Minyoo ya safura haingoji hata mdomo. Hupenya kwenye ngozi ya nyayo. Watoto wetu hupewa dawa ya minyoo shuleni, halafu jioni tunawarudisha kulala juu ya chanzo cha ugonjwa. Zulia la plastiki nalo hufunika tu. Inua kona moja msimu wa mvua utasikia harufu ya kuvu, na mende watakukimbia.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka wa 2000, jimbo la Coahuila nchini Mexico lilianza kuwawekea maskini sakafu za saruji. Watafiti waliochapisha matokeo mwaka wa 2009 walikuta kwamba maambukizi ya vimelea kwa watoto yalipungua kwa asilimia 78 pale sakafu yote ya udongo ilipobadilishwa, na kuhara kukapungua kwa karibu nusu. Saruji haichukui nafasi ya choo wala maji safi, lakini faida hiyo si haba.

Mbona basi wenye nyumba hawafanyi hivyo? Ardhi ya Kibera kwa sehemu kubwa ni ya serikali, na Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba za maelfu ya watu kupisha barabara. Hofu hiyo naielewa. Hata hivyo, chumba cha futi kumi kwa kumi huhitaji takriban mifuko mitano ya saruji ya kilo 50, pamoja na mchanga na kokoto. Anayepokea kodi kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, asituambie kwamba hiyo ni anasa.

Fundi mwaminifu huondoa udongo laini, hupanga mawe na kuyashindilia, hutandaza karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, ndipo amwage zege la inchi mbili au zaidi: sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Sakafu iwe juu kuliko kijia cha nje, la sivyo maji ya mtaro yatakuwa mgeni wako kila masika. Kisha zege limwagiliwe maji kwa siku saba. Wenye haraka huharibia hapa, kwani zege lililokauka upesi hupasuka, na nyufa huwa makao mapya ya uchafu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, gonga sakafu kwa jiwe dogo pembeni na katikati. Ikilia kama debe tupu, imebanduka chini. Ukiamua kuitengeneza mwenyewe, patana na mwenye nyumba akukatie gharama hiyo kwenye kodi, na mwandikiane kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa.