Kosa Lisilopiga Kelele

Programu ya kawaida ikiharibika hujitangaza yenyewe: skrini huganda, fomu hukataa kutumwa, risiti haitoki. Programu ya kujifunza kwa mashine haina aibu hiyo. Hesabu ikikosewa, huendelea kutoa majibu, tena yenye sura ya ukweli. Ndiyo maana toleo hili tumewapa waandishi wa majaribio, wabunifu wa modeli wakae pembeni kidogo.

Chukua scikit-learn, maktaba huria ya Python. David Cournapeau aliianzisha mwaka 2007 katika mpango wa kiangazi wa Google. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Inria, Ufaransa, wakaitoa kwa umma. Wengi huisifia wepesi: fit hufundisha, predict hubashiri, basi. Mimi nausifia ukali wake. Kuna majaribio ya pamoja, check_estimator, ambayo hata waandishi wa maktaba nyingine huyatumia. Modeli huhojiwa: ukifundishwa tena kwa data ileile, jibu litabadilika? Umeichezea data ya mtumiaji? Sampuli ikipewa uzito wa sifuri, matokeo ni yaleyale kana kwamba haikuwapo?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye utamu. Jibu sahihi la modeli halijulikani mapema. Lingejulikana, modeli ya nini? Kwa hiyo mjaribu hulinganisha majibu mawili ambayo hesabu inayalazimisha yafanane. Bahati nasibu nayo hubanwa: baadhi ya majaribio hurudiwa kwa namba tofauti za kuanzia, yasije yakafaulu kwa sababu ya namba moja yenye nyota njema.

Makosa mengine huyaona binadamu tu. Data ya nyumba za Boston, iliyofundishia wanafunzi kwa miaka mingi, ilikuwa na safu iliyokokotolewa kutokana na uwiano wa watu weusi katika mtaa. Iliondolewa katika toleo la 1.2 la scikit-learn, Desemba 2022. Hakuna jaribio la hesabu ambalo lingeigundua.

Vyuo vyetu vina la kujibu hapa. Mwanafunzi akipandisha usahihi wa modeli kwa asilimia moja, tunampigia makofi. Mwenzake akiandika jaribio linaloonyesha kwamba asilimia hiyo ilipatikana kwa sababu data ya mtihani ilivuja hadi kwenye mafunzo, tunamwona msumbufu. Tunadai kazi ya huyu wa pili ipewe alama za tasnifu kamili, na kurasa za jarida hili ziko wazi kuichapisha.