Kila Msumari na Mahali Pake

Koplo mmoja wa polisi alipewa likizo katikati ya mvua za Aprili, akasafiri hadi kijijini kwake, upande wa Iganga, kuitazama nyumba aliyoijenga kwa akiba ya miaka sita. Usiku wa kwanza hakupata usingizi. Maji yalidondoka juu ya kitanda cha watoto, yakadondoka juu ya magunia mawili ya maharagwe, na mkewe, ambaye alikwisha kuyazoea, aliamka kupanga sufuria na mabeseni bila hata kuwasha taa. Mabati yalikuwa mapya, ya geji 28, si ya kubahatisha. Kulipokucha aliitwa seremala mzee wa kijiji. Mzee akapanda ngazi, akakaa juu ya paa kitambo kidogo, kisha akashuka na msumari mmoja kiganjani.

"Afande," alisema, "mabati hayana kosa. Mkosaji ni huyu."

Ulikuwa msumari wa kawaida wa inchi 3, usio na mwavuli wala mpira, tena ulipigiliwa katika bonde la bati, pale pale yapitapo maji. Fundi wa kwanza alipungukiwa na misumari ya mabati, akamalizia kazi kwa ile iliyosalia baada ya kuunganisha mbao za paa. Upungufu wa kilo mbili za misumari ukaharibu paa zima.

Msumari wa bati hupigiliwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni. Mwavuli wake na mpira ulio chini yake huziba tundu, na maji huteremka pembeni. Lakini hata msumari ulio sahihi huharibiwa na nyundo yenye hasira: ukigongwa kupita kiasi, mgongo wa bati hubonyea, mpira hupasuka, na kidimbwi hufanyika kuuzunguka. Yatosha mpira ukae barabara juu ya bati. Kadhalika, upepo huanza kulishika bati kwenye ukingo wa chini wa paa na karibu na kofia yake. Kwa hiyo huko misumari haina budi kuwa karibu karibu kuliko katikati. Mwenye uwezo na atumie parafujo za mabati, kwa kuwa mizunguko yake huuma mbao na haing'oki kwa urahisi upepo unapovuta.

Tukiacha paa, swali la kwanza la mwenye nyumba huwa ni urefu. Kanuni ya maseremala ni kwamba msumari uwe na urefu mara tatu ya unene wa ubao unaofungwa, ili theluthi mbili zake ziingie katika mbao inayoupokea. Ubao wa inchi 1 hutaka msumari wa inchi 3, maadamu mbao ya nyuma ina unene wa kutosha. Msumari mfupi hushika siku ya kazi, ukaachia siku mtoto atakapopanda juu ya benchi. Ikumbukwe pia kwamba misumari huuzwa kwa kilo: katika kilo moja ya inchi 4 mnunuzi hupata kama 80 hadi 100, ilhali kilo ya inchi 2 ina zaidi ya 300. Anayejua hesabu hiyo hanunui kilo mbili kwa kazi ya kilo moja.

Baada ya urefu, mbao yenyewe. Msonobari na msaiprasi ni laini, hupokea msumari bila ubishi. Mvule na mkaratusi uliokauka hukataa. Msumari hupinda, au ubao hupasuka mwishoni. Dawa yake ni kutoboa kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko msumari, na kuupaka msumari nta ya mshumaa. Pasipo keekee, maseremala wengi huisimamisha misumari juu ya chuma, kichwa chini, na kuigonga ncha kidogo ili iwe butu. Ncha kali husukuma nyuzi za mbao kando mpaka zipasuke; ncha butu huzikata na kupita. Aidha, misumari isipangwe katika mstari mmoja wa nyuzi, bali ipishane, na ielekezwe kwa mshazari kidogo, huu huku na huu kule. Mbao mbichi ni mtego: hunywea ikikauka, na msumari uliokaza mwezi wa kwanza huanza kucheza.

Kwa plaiwudi na nyuma ya kabati, misumari midogo yenye kichwa chembamba hutosha. Kwa ukuta wa saruji iko misumari ya chuma kigumu, isiyopinda, ila huweza kuvunjika na kurusha kipande. Apigaye avae miwani, na watoto wakae mbali. Bawaba za mlango zifungwe kwa parafujo, maana mlango huvuta kila siku. Mahali penye mvua au mvuke wa jikoni patumike misumari iliyopakwa zinki. Ile mitupu hushika kutu, ikachora michirizi myeusi ukutani.

Yafaa kutaja kwamba mitumbwi mikubwa ya Waganda katika Ziwa Victoria iliunganishwa zamani kwa kushona mbao kwa nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja, ikabeba watu na mizigo. Lakini washonaji wale walikuwa mafundi kwelikweli, na likizo ya koplo ilikuwa siku kumi na nne.

Mzee aling'oa misumari ile kwa makucha ya nyundo, akiweka kipande cha ubao chini ya kichwa cha nyundo ili bati lisibonyee. Mabati matano yaliyotobolewa bondeni yalihamishiwa banda la kuku. Misumari iliyopinda ilinyooshwa kwa kazi ndogo ndogo, si kwa paa. Mke wa koplo ndiye aliyeuzungukia uwanja wote kwa sumaku ya spika mbovu ya redio, akaokota misumari 31 majanini. Alifanya vema, kwa maana pepopunda haitokani na kutu. Kijidudu chake hukaa katika udongo na samadi, na hustawi katika kidonda chembamba kilichozama, kisichopata hewa. Mtoto akichomwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni, na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo pamoja na kadi yake ya chanjo, hata kama haoni maumivu.